Miaka 20 ya Winning: mwongozo kamili wa kufufua PS2 yako na kuandaa usiku wa mashindano

Tarehe 27 Oktoba 2026, Pro Evolution Soccer 6, mchezo wa mpira wa miguu tuliokuwa tukiucheza kwenye PlayStation 2 (PS2), inatimiza miaka 20 tangu itoke Ulaya. Ndugu yake wa Kijapani, Winning Eleven 10, alishatimiza Aprili. Kwetu Wete hakuna aliyewahi kujali tofauti: zote ni Winning, na zote zilichezwa kwa makelele.

Sasa kila mtu anafukua PS2 yake kabatini, na simu yangu hailali. "Yakhe, inawaka lakini picha ya kijani." "Yakhe, inaikataa sidii." "Lenzi imekufa, ninunue wapi?" Ukiwauliza wamefanya nini mpaka hapo, utakuta karibu wote wameanzia mwishoni. Wamenunua lenzi kabla hawajaipangusa sidii. Wamepeleka mashine kwa fundi kabla hawajajaribu tundu jingine la tivii.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mmoja: ukavu, umeme, picha, sidii, lenzi, memori kadi, pedi, kisha mashindano. Usiruke hatua. Mimi niliruka, nikaagiza lenzi kutoka Unguja, ikavuka bahari kwa boti, na mpaka leo imo kwenye droo haijafunguliwa. Ya zamani ilikuwa nzima.

Anza wiki tatu kabla. Kitu kikikosekana hapa Pemba, utahitaji muda wa kumtuma mtu Darajani au Kariakoo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Mashine yenyewe, nene au nyembamba, na waya wake wa umeme. Nyembamba nyingi zina adapta ya nje, isipokuwa zile za mwisho zenye namba inayoanzia SCPH-90000, ambazo umeme huingia moja kwa moja.
- Waya wa AV wa rangi tatu: njano, nyeupe, nyekundu.
- Kama tivii haina matundu hayo, kile kiplagi kidogo cha HDMI cha PS2 pamoja na waya wa HDMI.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Spiriti nyeupe ya duka la dawa. Ile ya buluu ina rangi na huacha alama.
- Vijiti vya pamba vya masikio, mswaki mpya laini, na kitambaa cha kufutia miwani.
- Kifutio cha penseli cha skuli.
- Memori kadi mbili za MB 8. Ya pili ni ya akiba, na usiione kuwa ni anasa.
- Pedi mbili za kuchezea na moja ya ziada.
- Ekstensheni madhubuti. Kama unayo UPS ya kompyuta, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, bora zaidi.

Lenzi mpya haimo humu, na nimeiacha makusudi.

## Hatua ya 1: Ikaushe

Mashine iliyolala miaka kumi katika nyumba zetu imekunywa unyevu wa masika kumi. Na kama uko karibu na pwani, unyevu huo una chumvi. Ukiiwasha hivyo hivyo, maji kidogo yaliyojificha chini ya kifaa cha ndani yanatosha kuunganisha njia mbili za umeme zisizotakiwa kukutana.

Iweke siku mbili kivulini, mahali penye upepo, kifuniko wazi. Feni ikielekezwa kwake ni bora zaidi. Usiianike juani pembeni ya jamvi la karafuu, kama alivyofanya binamu yangu: plastiki ilijikunja, mlango wa sidii ukawa haufungi, na mashine iliyokuwa nzima ikaharibikia kwenye matengenezo.

Siku ya pili ipindue taratibu uitikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, usiwashe, ifungue kwanza. Mara nyingi ni skrubu iliyolegea au mende aliyekauka. Kwa mashine nene, toa vifuniko vidogo vya mpira upande wa chini. Chini yake kuna skrubu 8 au 10 kulingana na toleo. Zipange juu ya karatasi kwa namna zilivyokaa, kwa sababu urefu wake haulingani.

Tahadhari: mashine nene ina umeme mkubwa ndani yake. Chomoa waya ukutani, uache nusu saa, kisha ndiyo ufungue. Usiguse sahani ya umeme hata kama imezimwa.

Umefaulu ukiona: hakuna harufu ya ukungu ukinusa matundu ya hewa, na hakuna kinachogonga ndani.

## Hatua ya 2: Umeme

Pindua mashine usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Kama kibandiko kinasema 220–240, uko salama. Kama kinasema 100, mashine hiyo ilikuja na mizigo ya mitumba ya Japani, nayo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ile adapta ya pini unayochomeka ili plagi bapa iingie kwenye tundu letu la pini tatu inabadilisha umbo la pini tu. Umeme unabaki ule ule, na utaisikia mashine ikisema "tap!" mara moja, basi.

Kwa mashine nyembamba za adapta ya nje, soma adapta yenyewe. Inatakiwa itoe volti 8.5. Adapta ya laptopu huwa na karibu volti 19, na pini zake nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la PS2. Kuingia si ruhusa.

Mashine nene ina swichi ya nyuma ambayo nusu ya watu wameisahau. Iwashe. Taa nyekundu itokee mbele. Bonyeza kitufe cha mbele, taa igeuke kijani na feni ianze kuvuma.

Ikiwa taa nyekundu haitokei, badilisha waya, kisha badilisha tundu la ukutani, kisha ndiyo ushuku mashine. Ikitokea kijani kisha ikazima baada ya sekunde chache, angalia feni: ikikwama, toa vumbi kwa mswaki.

Umefaulu ukiona: kijani kinakaa dakika kumi bila sidii, na hewa ya nyuma ni ya uvuguvugu tu.

## Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Tivii ya zamani yenye kichogo. Chomeka njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, chagua AV kwenye rimoti, kazi imekwisha. Kwa kweli kama jirani anayo, iazime. Tivii hizo hazicheleweshi picha, na mchezaji wa zamani anajua tofauti: ukibonyeza mraba mpira unaondoka pale pale.

Tivii bapa yenye matundu ya rangi. Utaona matundu matano, lakini njano haipo. Watu hunipigia wakisema waya umekosa pa kuingia. Angalia tundu la kijani: mara nyingi limeandikwa "Y/Video" au limezungushiwa duara la njano. Njano inaingia hapo. Nyeupe na nyekundu zinakwenda kwenye matundu ya sauti. Angalia vizuri, kwa maana matundu mekundu ni mawili, na moja ni la picha.

Tivii bapa yenye tundu moja dogo la duara, kama la spika za masikioni. Unahitaji kile kiwaya kifupi cha kugeuza. Mpangilio wa viwaya hivyo haufanani kwa watengenezaji wote. Ikiwa picha haipo na spika zinavuma, usikitupe: hamisha plagi ya njano kwenye tundu jeupe, kisha jekundu. Mara nyingi picha hutokea kwenye moja kati ya hayo.

Tivii yenye HDMI pekee. Kiplagi kidogo kinaingia nyuma ya PS2 palipokuwa na waya wa AV, na mkia wake wa USB unaingia mbele ya mashine ili upate umeme. Bila ule mkia, giza. Ukimaliza hapo, picha inakuja, nayo ni ya kijani au waridi kama imepakwa rangi ya barafu za skuli.

Mashine haijafa. Kiplagi kinategemea rangi zitumwe kwa namna moja, na PS2 imetoka kiwandani ikiwa inazituma kwa namna nyingine. Fanya hivi:

1. Washa bila sidii, ufike kwenye ukurasa wa mwanzo wenye maneno mawili.
2. Ingia "System Configuration".
3. Shuka mpaka "Component Video Out".
4. Badilisha kutoka "RGB" kwenda "Y Cb/Pb Cr/Pr".

Rangi inarudi pale pale, kabla hujainua kidole. Kama picha ni mbaya kiasi kwamba huoni maandishi, rudisha waya wa AV wa rangi tatu kwenye tivii yoyote, fanya badiliko hilo, kisha urudi kwenye HDMI.

Baada ya hapo ingia kwenye mpangilio wa tivii yenyewe uwashe hali ya michezo, ile inayoitwa "Game Mode". Tivii bapa hupenda kuipamba picha kabla ya kukuonyesha, na huko kupamba kunachukua muda. Bila hali hiyo utakuwa unapiga pasi ya sekunde iliyopita, na utamlaumu Castolo, yule mshambuliaji wa kubuni wa mchezo huu, bure.

Kama una sidii ya Kijapani na tivii yako ya kichogo inaonyesha rangi nyeusi na nyeupe tu, ndivyo ilivyo: picha za Japani zimetengenezwa kwa mfumo tofauti na wa kwetu. Tumia tivii bapa.

Umefaulu ukiona: minara. Ukiwasha PS2 yenye memori kadi ya zamani, kabla ya jina kutokea, kamera inaelea juu ya giza la buluu lenye minara midogo imesimama. Hiyo minara ni kumbukumbu ya michezo iliyochezwa na kadi hiyo. Kadi mpya haina hata mmoja. Yangu ilipowaka mwezi wa pili nilimwita kaka yangu aje ahesabu, tukasahau kabisa kuwa tulikuwa tunajaribu waya.

## Hatua ya 4: Sidii

Ukurasa mwekundu unaosema sidii si ya PlayStation haumaanishi kwamba lenzi imekufa. Unamaanisha mashine imejaribu kusoma ikashindwa. Anza na kinachosomwa.

Shika sidii kwa ukingo, uielekeze kwenye taa. Unatafuta mambo matatu: vidole, ukungu, mikwaruzo. Ukungu unaonekana kama ramani ndogo nyeupe zenye matawi.

Vidole na ukungu: tia tone la spiriti kwenye kitambaa cha miwani, pangusa kutoka tundu la katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imepangwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaokata njia kwa upana unapoteza kipande kidogo ambacho mashine inaweza kukikisia, lakini mkwaruzo unaofuata njia unafuta sehemu ndefu mfululizo.

Mikwaruzo: Winning hii imo kwenye DVD, na katika DVD data imekaa katikati, kati ya matabaka mawili ya plastiki. Mikwaruzo midogo ya chini inaishia kwenye plastiki tu, na hiyo inasugulika kwa mashine ya kung'arishia. Dawa ya meno siishauri. Nimeona ikifaulu mara moja na kuua sidii mara tatu, kwa sababu dawa nyingine zina chembe ngumu kama mchanga wa pwani.

Sidii iliyopasuka kuanzia tundu la katikati usiiweke kabisa. Inazunguka kwa kasi kubwa, na ikivunjika ndani inaondoka na lenzi.

Umefaulu ukiona: ukurasa unakuwa mweusi, nembo inatokea, kisha jina la Konami, watengenezaji wa mchezo, kisha ule muziki wa menyu. Ikifika hapo na ikaingia mechini bila kukwama, ruka hatua ya 5. Naandika kwa msisitizo: iruke. Lenzi inayofanya kazi haisafishwi kwa hamu ya kusafisha.

## Hatua ya 5: Lenzi

Kwanza pima. Weka sidii ya kawaida ya muziki, kasida au taarabu. PS2 inasoma CD na DVD kwa miale miwili tofauti. Kama taarabu inaimba vizuri na Winning haisomeki, upande wa DVD ndio mchafu au umechoka. Kama vyote havisomeki, huenda ni uchafu mkubwa, au kitu kimezuia lenzi isitembee. Habari ya pili ndiyo njema, kwa sababu ni rahisi.

Mashine nyembamba haihitaji kufunguliwa. Inua kifuniko, lenzi hiyo hapo, jicho dogo la buluu. Mashine nene lazima uondoe kifuniko cha juu na kile kibati kinachofunika sehemu ya sidii.

1. Chomoa umeme kabisa. Mwale wa lenzi haufai kutazamwa.
2. Tia tone moja la spiriti kwenye kijiti cha pamba, kisha kikamue kwenye tishu. Kiwe na unyevu tu, kisidondoshe.
3. Zungusha juu ya jicho mara tano, kwa uzito wa kijiti chenyewe. Lenzi imening'inia juu ya vispringi vyembamba mno, na ukiibonyeza umeimaliza.
4. Geuza upande mkavu wa kijiti, pangusa mara moja.
5. Subiri dakika kumi.

Kisha angalia njia yake. Lenzi inatembea juu ya reli mbili, kutoka katikati kwenda nje. Grisi ya reli hizo ikikaa miaka mingi inakuwa kama ubani uliopoa. Ipanguse kwa pamba, utie grisi nyeupe mpya kiasi cha punje ya mchele. Mafuta ya kupikia hapana, ya cherehani hapana, yatatiririka mpaka kwenye jicho.

Yangu ilikuwa hapo. Bi mkubwa alikuwa ameihifadhi mashine kwenye sanduku la nguo, na katika sanduku la nguo lake karafuu hazikosekani. Nilipoinua kibati, harufu ilinipiga kama nimefungua gunia. Na kwenye reli ya kushoto, karibu na ukingo, kikonyo kimoja cha karafuu kimejibana, kikavu, kirefu kama nusu ya kijiti cha kiberiti. Lenzi ilikuwa inakwenda mpaka hapo, inagonga, inarudi. Nilikitoa kwa kibano cha nyusi cha dada yangu. Winning ikafunguka jaribio la kwanza.

Ikiwa umesafisha, umetia grisi, umejaribu sidii tatu, na bado nyekundu, sasa ndiyo umefika kwenye habari za kununua lenzi. Chukua namba ya SCPH iliyo chini ya mashine uende nayo, maana lenzi ya nene na ya nyembamba hazibadilishani. Na usikubali fundi akugeuzie kiskrubu cha kuongeza nguvu ya mwale. Kinasaidia miezi miwili, kisha lenzi inaungua.

## Hatua ya 6: Memori kadi

Hii ndiyo hatua fupi, na ndiyo inayoliza watu.

Sugua vibati vya dhahabu vya kadi kwa kifutio, pangusa unga wake, chomeka. Ingia "Browser" kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukiona alama za michezo yako, usicheze kwanza. Chomeka kadi ya pili kwenye tundu la pili, nakili kila kitu. Wakati wa kunakili usiguse chochote, usipitishe mtoto karibu. Kuchomoa katikati kunaweza kuharibu kadi nzima.

Nasema hivi kwa sababu Master League, ile ligi unayoendesha timu yako mwenyewe msimu baada ya msimu, ikiwa ya miaka ya skuli haipatikani dukani. Nina moja ambayo Minanda, mchezaji wa kubuni unayeanza naye, bado ndiye namba 10 wangu, kwa upendo tu, kwani uwezo wake kila mtu anaujua.

## Hatua ya 7: Pedi

Jaribu kila kitufe ukiwa kwenye mazoezi ya mchezo wenyewe. Matatizo ni ya aina mbili.

Kitufe kizito au kinachohitaji kugandamizwa sana: mpira wa ndani umechafuka. Fungua skrubu za nyuma, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, anika kivulini, rudisha.

Pedi inayobonyeza yenyewe, mchezaji anapiga wakati hujagusa: katika pedi halisi za Sony kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, na nyuma ya mwisho wake kuna kisponji kinachougandamiza kwenye bodi. Kisponji hicho kinanywea kwa miaka. Inua utepe, kunja kipande cha selotepu mara tatu au nne, kiweke juu ya kisponji ili kinenepe, rudisha utepe, funga. Dakika kumi, na pedi uliyotaka kuitupa inarudi kazini.

Kama mnataka kucheza wawili kwa wawili, mtahitaji kile kisanduku cha kuongezea matundu ya pedi. Cha mashine nene za mwanzo hakiingii kwenye nyembamba. Azima mapema.

## Hatua ya 8: Ratiba na sheria

27 Oktoba ni Jumanne, na watoto wana skuli. Sisi tumechagua Jumamosi ya tarehe 31, baada ya Isha.

Fanya hesabu kabla ya kukaribisha watu. Mechi ikiwekwa dakika 5, ukijumlisha mapumziko, kupanga timu na ubishi, inakula kama dakika 10. Watu 16 kwa mtoano ni mechi 15, yaani saa mbili na nusu. Watu hao hao kwa makundi manne ya wanne ni mechi 24 za makundi, 4 za robo, 2 za nusu na fainali: jumla 31, zaidi ya saa tano kwa mashine moja. Mkianza saa mbili na nusu usiku, fainali itapigwa karibu na saa nane, na mzee wa nyumba ya pili atakuwa ameshatoka nje na fimbo. Makundi yanahitaji mashine mbili. Ukiwa na moja, mtoano.

Ile sheria ya vibandani, mfungwa anapisha, iacheni kwa ajili ya kupasha moto. Kwa mashindano haifai: fundi mmoja atakalia pedi usiku kucha na waliobaki watakuja kula tu.

Andika sheria kwenye karatasi, ibandike ukutani kabla mtu hajashika pedi. Zetu ni hizi:

Inter haichaguliwi. Adriano, mshambuliaji wao, katika mchezo huu ana nguvu ya shuti 99. Anapiga kutoka mita 35 kipa anaokota wavuni. Kuna watakaosema kumwondoa ni kuharibu sherehe, kwamba Winning bila Adriano ni pilau bila nyama. Nimewasikia miaka 20. Mwachieni mechi moja ya maonyesho baada ya fainali, kila mtu apige shuti lake, aridhike.

Timu kwa kura. Andika timu nane, weka kwenye kofia. Waelezee vijana kwamba Merseyside Red ni Liverpool, Konami haikuwa na kibali cha kutumia jina.

Kusimamisha mchezo ni mpira ukiwa nje. Anayebonyeza Start wakati mwenzake yuko na kipa peke yake, bao linahesabiwa.

Umeme ukikatika kipindi cha kwanza, mechi inarudiwa. Kipindi cha pili, matokeo yanabaki. Ikiwa ni sare, mechi mpya na penalti. Kama hujaandika hili kabla, litaamuliwa gizani na wenye sauti kubwa.

Hakuna kuchangia fedha za mshindi. Kila mtu akitoa elfu tano na mmoja akaondoka nazo zote, hiyo ni kamari, na sitaki maneno. Mchango uwe wa chakula. Zawadi itoke kwa mtu asiyecheza. Mwaka huu ami yangu, ambaye hajui hata kushika pedi, ametoa jogoo.

## Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Washa mashine nusu saa kabla ya wageni, icheze mechi moja nzima. Iweke juu ya meza ngumu, sio juu ya zulia, maana hewa yake inaingia na kutoka pembeni na nyuma. Nyembamba ikifunikwa na kitambaa cha meza inapata moto haraka.

Bana waya wa HDMI mezani kwa selotepu, sentimita chache kutoka kwenye kiplagi. Kiplagi hicho kinashikiliwa na matumaini, na mtu mmoja akiruka kwa bao, picha inapotea.

Urojo uliwe barazani. Nasema tena, barazani. Bakuli moja la urojo juu ya PS2 halina fundi. Ndani wapitishiwe kashata na kahawa, na pembeni ya pedi kuwe na taulo nyevu, kwa sababu mafuta ya bajia ndiyo yanayorudisha ule uchafu uliooshwa hatua ya 7.

Kila baada ya mechi nane pumzisheni dakika kumi. Mashine ina umri wa kupiga kura.

Umefaulu ukiona: kuna mtu amesimama nyuma ya kochi akifundisha kwa kelele "pembetatu, pembetatu!", na anayefundishwa amezaliwa baada ya 2006.

## Hatua ya 10: Kuirudisha

Asubuhi yake usiisukume tu kabatini. Toa sidii, irudishe kwenye kasha. Nakili memori kadi tena, kwa kuwa sasa ina mapya. Chomoa kila waya, uukunje kwa duara pana bila kuuvunja shingo.

Funga mashine kwa kitambaa cha pamba, si kwa mfuko wa nailoni uliobana, na uweke humo vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Kila baada ya miezi mitatu itoe uiwashe nusu saa, moto wake wenyewe unafukuza unyevu.

Bi mkubwa nimemwomba abaki na karafuu zake kwenye kanga. PS2 nimeihamishia juu ya kabati, ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, na juu ya mfuniko nimeandika kwa kalamu nene: "Usifungue bila mimi."